Lesithini: Mali Iliyojificha Ndani ya Soya



Katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, twaona yafaa tuseme juu ya kitu ambacho wengi wetu twakilima bila kukijua. Kitu hicho chaitwa lesithini. Mwaka 1850 Mfaransa Theodore Gobley alikipa jina hilo kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kiini cha yai, kwa kuwa ndimo alimokipata.

Baadaye kilipatikana katika soya pia. Mafuta ya soya yakisha kukamuliwa huwa na ute ndani yake. Kiwandani hutiwa maji ya moto kidogo. Ute hunywa maji, huvimba, hutengwa kwa mashine izungukayo kwa kasi, kisha hukaushwa. Zamani ute huo ulikuwa taka yenye kusumbua. Katika miaka ya 1920, Hermann Bollmann wa Hamburg, Ujerumani, aliendeleza njia ya kuufanya bidhaa.

Kazi ya lesithini ni kupatanisha mafuta na maji, ambavyo kwa desturi havipatani. Huzuia majarini isirukeruke kikaangoni, na huyafanya maziwa ya unga yakorogeke upesi. Chokoleti nayo hutiririka vema bila kuongezewa siagi ya kakao. Hutumika pia katika rangi za kupaka, wino, utengenezaji wa ngozi, dawa, na chakula cha mifugo.

Ndugu wanachama, tusidanganyane. Tani 1 ya soya hutoa mafuta yapata kilo 180, na lesithini yapata kilo 4 tu. Kinu kidogo hakiwezi kuishi kwa kilo hizo. Hiyo ni kazi ya viwanda vikubwa. Lakini fungu letu lipo, nalo li katika uwanja wa kuanikia. Soya iliyovunjika, au iliyowekwa na unyevu, huharibika ndani: ute wake hukataa kunywa maji, lesithini hupungua, na gharama ya kusafisha mafuta huzidi. Anayetafuta uzito kwa unyevu humpunja jirani yake, maana ghalani magunia yetu yote hubeba jina moja.

Basi twaomba kila chama cha msingi kikatae kupokea soya isiyokauka, hata ikiwa ni ya mjumbe wa kamati. Haba na haba hujaza kibaba. Na kilo 4 hizo huanzia mikononi mwetu.