Mgeni wa Heshima ni Nani?

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya mitaa ya Eastlands, Nairobi. Tunaichapisha kwa ajili ya vikundi vyote, vya mjini na vya vijijini.



Tulipewa kichwa kirefu: jinsi mawazo ya uchumi, dini na desturi zinavyoongoza siasa. Kichwa cha namna hii tukikiachia wasomi peke yao, wengine wetu tutasinzia. Kwa hivyo tutakileta nyumbani. Tutaongea juu ya kitu kimoja ambacho sote tumekishika kwa mikono yetu: mchango. Harambee.

1. Tuanze na mitaa yetu

Majina ya mitaa yetu yenyewe yanatufundisha. Tuna Jerusalem na Jericho, majina ya Biblia. Tuna Uhuru, Umoja na Harambee, majina ya siasa ya taifa jipya. Mbotela na Ofafa ni majina ya madiwani wawili Waafrika, Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Na Dandora je? Dandora ya nyumba ilianza katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na nyuma yake kulikuwa na wazo la uchumi: serikali isimjengee maskini nyumba nzima, bali impe kiwanja chenye maji na choo, halafu ajijengee mwenyewe. Vilipangwa viwanja 6,000 hivi.

Basi mnaona. Dini, siasa na uchumi ni majirani katika mitaa yetu, na wanatembeleana kila siku. Mtu akikuambia, "Mimi siasa sitaki, mimi ni wa kanisa tu," au "Sisi ni kikundi cha maendeleo, siasa si yetu," muulize mchango wa mwisho wa kanisa lake au kikundi chake ulitoka wapi.

2. Harambee ilivyokuwa

Kabla ya neno hilo kuwa la serikali, wazee wetu walikuwa na kazi ya pamoja. Wakikuyu waliita ngwatio, Wakamba mwethya, Wajaluo saga. Leo tunalima kwako, kesho kwangu. Kila mtu alikuja na jembe lake. Hapakuwa na jukwaa wala mgeni wa heshima. Mwenye shamba alipika, watu wakala, wiki iliyofuata yeye naye akaenda kwa mwenzake. Deni lilikuwa kati ya watu walio sawa.

Mwaka 1963 Mzee Jomo Kenyatta akalifanya neno harambee kuwa mwito wa taifa. Mwaka 1965 serikali ikatoa Waraka Nambari 10 juu ya Usoshalisti wa Kiafrika, wakati Tom Mboya alipokuwa waziri wa mipango ya uchumi. Waraka huo ulichukua desturi ya Mwafrika ya kusaidiana, ukaitaja kuwa msingi mmoja wa uchumi wa nchi. Kwa wazo hilo zikajengwa shule za harambee, zahanati, majosho ya ng'ombe na makanisa mengi sana. Tusidharau kazi hiyo. Wengi wetu tulisoma katika madarasa yaliyojengwa kwa kuku aliyepigwa mnada na shilingi mbili mbili za akina mama.

3. Ilivyogeuka

Lakini polepole jembe likawa bahasha. Akaja mgeni wa heshima, na marafiki wa mgeni wa heshima. Jina na kiasi vikasomwa kwa kipaza sauti. Mama aliyetoa ishirini akapigiwa makofi mawili. Mheshimiwa aliyetoa laki moja akapewa vigelegele, kiti cha mbele na nafasi ya "kusalimia watu", na salamu zenyewe zikachukua saa nzima. Mahali pengine chifu alidai mchango kama kodi, na asiyekuwa na risiti alinyimwa huduma.

Transparency International ya Kenya ilipochunguza habari za harambee mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilionyesha kwamba michango ya wakubwa ilipanda sana katika miaka ya uchaguzi, 1992 na 1997. Upendo wa jirani haufuati kalenda ya uchaguzi. Ndiyo sababu Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 iliwawekea viongozi mipaka katika mambo ya harambee. Mipaka ipo kwenye karatasi. Mitaani tunajua hali ilivyo.

Tunasema mkono mtupu haulambwi. Methali hiyo imekuwa katiba ya pili ya nchi yetu. Tukiisikia sana tunaanza kumpima kiongozi kwa anachomwaga siku ya mkutano, si kwa barabara, dawa na shule anazotakiwa kusimamia kwa pesa zetu.

4. Dini nayo imeingia wapi?

Imeingia mahali pawili. Kwanza, yako mahubiri siku hizi yanayosema kwamba mali ni dalili ya baraka, na anayepanda mbegu kubwa atavuna kikubwa. Mtu akiyasikia kila Jumapili, tajiri akiingia kanisani anamwona kama mtu aliyepakwa mafuta. Hataki tena kuuliza mali ilitoka wapi. Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, alilikemea jambo hilihili: tajiri mwenye pete ya dhahabu anakaribishwa kiti kizuri, na maskini anaambiwa asimame kule. Na Bwana wetu, alipokaa akiangalia sanduku la sadaka, hakumsifu aliyetoa nyingi. Alimsifu mjane wa senti mbili.

Pili, dini imekuwa sauti. Mwaka 1986 Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilipinga upigaji kura wa mlolongo, ule wa kupanga foleni nyuma ya mgombea mbele ya macho ya wote. Serikali haikusikia, na mwaka 1988 tulipanga foleni. Lakini neno lilikuwa limesemwa. Maaskofu Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari, na Mchungaji Timothy Njoya, waliendelea kusema. Tarehe 7 Julai 1990, siku ya Saba Saba, watu walijaribu kukutana hapahapa kwetu, katika uwanja wa Kamukunji, kudai vyama vingi. Walipigwa, lakini Desemba 1991 kifungu cha chama kimoja kikaondolewa.

Mtu anayekudai hawezi kukusikia ukimkemea. Atakukumbusha deni. Na michango inayosomwa kwa kipaza sauti ni mlolongo wa namna nyingine: kila mtu anaonekana amesimama nyuma ya nani.

5. Yaliyotokea Soweto

Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana aliwafungia wanasiasa mimbari: waje wasali kama wengine, wasihutubu. Makanisa mengine yakafuata. Halafu likaja jambo la hapa kwetu Eastlands.

Alhamisi tarehe 14 Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki walitoa taarifa kali. Walilalamika juu ya uongo wa viongozi, utekaji nyara na mzigo wa kodi. Jumapili tarehe 17 Rais William Ruto alisali katika Kanisa Katoliki la Soweto. Alitoa shilingi 600,000 kwa kwaya na watoto, na milioni 2 za nyumba ya padre. Aliahidi milioni 3 zaidi na basi la parokia. Gavana Johnson Sakaja naye alitoa 200,000. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akatangaza kwamba pesa zirudishwe, na zile za ahadi na basi zisipokelewe.

Hatusemi mtoaji alikuwa na nia gani. Moyo wa mtu anaujua Mungu. Rais mwenyewe ametetea hadharani desturi yake ya kuchangia makanisa. Lakini hebu jiulizeni: kama kanisa lingepokea Jumapili, ni nani angeyaamini maneno yake ya Alhamisi?

6. "Lakini paa linavuja!"

Tunalisikia swali hili kila mahali, na ni swali la haki. Kwaya haina sare. Hema na viti vya kukodisha vingelisaidia kikundi. Tena wengine wanasema, "Hizo ni pesa zetu wenyewe, ni kodi, kwa nini tuzikatae?"

Tuchukue mfano. Kikundi kina wanachama 25. Kila mmoja anatoa shilingi 200 kwa wiki. Hiyo ni 5,000 kwa wiki; kwa wiki 20 wana 100,000. Wameteseka, lakini katika wiki hizo 20 wamejuana: nani ni mwaminifu, nani ni mgonjwa, nani anajua kuandika kitabu. Sasa mheshimiwa anakuja na 100,000 siku moja. Nini kinatokea? Wiki inayofuata wengine hawatoi, maana "pesa iko". Mwenyekiti anayefaa anakuwa yule mwenye namba ya simu ya mheshimiwa. Anayeuliza hesabu anaitwa mpinzani. Kikundi kimepata laki moja na kimepoteza mkutano wake.

Na kuhusu kodi: mkinunua bidhaa inayotozwa VAT ya asilimia 16, kama sabuni, kwa kila shilingi 116 mmelipa serikali 16. Basi nyinyi mmekwisha kuchanga! Kama pesa ni yenu, irudi kwa njia ya bajeti, na risiti, na bila kumpigia mtu magoti. Katiba ya 2010, kifungu cha 201, inasema mambo ya pesa za umma yawe wazi na wananchi washiriki. Mtu hashukuriwi kwa kukurudishia mfuko wako.

7. Tufanye nini?

Tunapendekeza mambo matano, myajadili na kuyaandika katika sheria za kikundi:

(a) Kikundi kianze na jasho lake. Zawadi ya mtu mmoja kutoka nje isizidi nusu ya kile wanachama wenyewe wamechanga.

(b) Zawadi ipokelewe na mweka hazina, iandikwe, risiti itolewe. Isisomwe kwa kipaza sauti.

(c) Mtoaji asipewe nafasi ya kuhutubu kwa sababu ametoa. Akitaka kusema na watu, aitishe mkutano wake.

(d) Miezi sita kabla ya uchaguzi kikundi kisipokee chochote kutoka kwa mgombea yeyote, hata kama ni wa kabila letu au kanisa letu. Hasa huyo.

(e) Kikundi kichague watu wawili wa kuhudhuria vikao vya bajeti vya wadi, na warudi kutoa ripoti. Tunaweza kupanga foleni tangu alfajiri kungoja unga wa mwanasiasa. Basi tusichoke kukaa saa mbili penye kugawa mabilioni.

Hatusemi wanasiasa ni maadui. Wengine ni ndugu zetu na wanasali nasi. Aje, aketi na wengine, atoe sadaka yake kwenye kikapu kama mama mboga. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa hivyo ni chetu sote. Katika harambee ya kweli mgeni wa heshima ni yule aliyekuja na jembe lake.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika miaka miwili iliyopita, ni zawadi gani kikundi chetu kilipokea kutoka nje? Baada ya kuipokea, kuna neno tuliloogopa kusema?

2. Kazi ya pamoja ya wazee wetu iliitwaje kwa lugha zetu? Ni sheria gani yake tunaweza kuirudisha?

3. Bajeti ya wadi yetu inajadiliwa wapi na lini? Nani atakwenda?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.