Nilivyoizunguka Dar kwa Baiskeli ya Kukodi

Mazungumzo haya yalitolewa na mwelimishaji wetu wa afya kwa vijana mjini Sumbawanga.



Kwenye sanduku letu la maswali nimekuta karatasi isiyo na jina: "Dada, bibi amenikataza kupanda baiskeli. Anasema nitapoteza ubikira. Ni kweli?"

Jamani, msicheke. Mimi nimekulia hapa hapa, Chanji, na niliambiwa maneno hayo hayo. Kaka yangu alipewa baiskeli ya kwenda shule, mimi nikatembea kwa miguu. Nilijifunza kuendesha nikiwa chuo kikuu, tayari mtu mzima, naanguka mbele ya watoto wadogo!

Mwaka jana nilikwenda Dar es Salaam kwa semina. Jumapili nikakodi baiskeli ili niuone mji kama mtalii. Nilianzia Mnazi Mmoja, nikaingia Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, yaani "Carrier Corps". Nikaenda Posta kuiona Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa vita hiyo. Kisha nikafuata barabara ya baharini, nikavuka Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022, hadi Coco Beach. Ukiwa ndani ya daladala huoni hata robo ya hayo. Kwa baiskeli unasimama unapotaka, unanunua dafu, unasalimia watu.

Lakini nisiwadanganye, nilifanya makosa. Kosa la kwanza: sikukagua baiskeli. Niliona inang'aa, nikalipa. Kosa la pili: nilisahau kwamba nimetoka Ufipa, mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari, penye baridi. Joto la Dar lilinikausha, kichwa kikaanza kuzunguka. Wakati wa kurudi daladala ikasimama ghafla mbele yangu kupakia abiria. Nikabana breki, hazikushika. Nikaanguka, kichwa kikagonga ukingo wa barabara.

Nilikuwa nimevaa kofia ngumu. Ilipasuka kofia, si kichwa changu. Goti lilichanika. Mama ntilie mmoja akaniosha kidonda kwa maji safi na sabuni, halafu nikaenda zahanati kuchomwa sindano ya pepopunda. Kidonda chenye vumbi la barabarani si cha kufunikwa na kitambaa tu!

Kwa hiyo, kabla hujakodi baiskeli, hapa au kwingineko:

- Bana breki zote mbili huku unaisukuma. Ikiendelea kwenda, iache.
- Tazama matairi, cheni na kengele. Siti iwe ya kimo chako.
- Vaa kofia ngumu. Ikishagongwa mara moja, isitumike tena.
- Kunja suruali, au funga kanga isiingie kwenye cheni.
- Pita upande wa kushoto, usishindane na magari, na onyesha mkono kabla ya kukata kona.
- Kunywa maji kabla hujasikia kiu.

Sasa turudi kwa bibi. Bikira ni mtu ambaye hajawahi kujamiiana. Basi! Baiskeli haijamiiani na mtu. Kuna ngozi laini kwenye mlango wa uke iitwayo kizinda. Wasichana hawafanani: wengine wanayo kubwa, wengine ndogo sana tangu kuzaliwa. Inaweza kutanuka au kuchanika kidogo kwa michezo, lakini hilo halibadilishi ubikira wa mtu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitamka kwamba hakuna uchunguzi wa mwili unaoweza kuthibitisha kama msichana ni bikira. Na wala si sisi Waafrika tu tulioiogopa baiskeli. Huko Ulaya, miaka ya 1890, walikuwepo madaktari waliowatisha wanawake kwamba itawaharibu sura!

Hatari iko wapi basi? Iko kwa msichana anayetembea kilomita nyingi kwenda shule, amechoka, mvua inanyesha, na kijana wa bodaboda anasimama: "Panda, dada, usilipe." Wiki ya kwanza hadaiwi kitu. Wiki ya tatu anadaiwa, na si pesa. Mnanielewa. Nimekaa na wasichana walioacha shule wakiwa na mimba zilizoanzia kwenye lifti kama hiyo. Mwenye baiskeli yake ana uwezo wa kusema, "Asante kaka, nina usafiri."

Wewe uliyeandika karatasi ile, usigombane na bibi. Anakupenda, naye alifundishwa hivyo. Mweleze kwa adabu, au nialike nije tuzungumze naye. Na ninyi kaka zetu, baiskeli ya nyumbani ni ya wote. Mfundishe dada yako, umshikie siti mpaka aweze.

Jumamosi ijayo nitakwenda Ntendo kwa baiskeli. Anayetaka kuandamana nami aje. Breki tutazikagua kwanza!