Kijana wa Kambini na Kazi ya Habari

Leo nazungumza na wewe kijana unayetamani siku moja sauti yako isikike redioni, uwe ulimaliza shule au vita vilikukatisha njiani.

Kwanza nikuulize. Ni mara ngapi umesikia pale bombani kwamba mgao wa mwezi ujao umekatwa nusu, au kwamba malori ya kurudisha watu yameshafika? Asubuhi ni tetesi. Jioni kuna mama ameshauza sufuria zake kwa bei ya kutupa, akijiandaa kwa safari isiyokuwepo. Hapo ndipo kazi ya mwandishi wa habari inapohitajika.

Sisi wa Maziwa Makuu tunajua redio inaweza kufanya nini. Mwaka 1993 RTLM ilianza kutangaza kutoka Kigali, na mwaka uliofuata ikachochea mauaji. Desemba 2003, mahakama ya kimataifa pale Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili, pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Lakini eneo hilihili lilizaa pia Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara, Tanzania, mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti linalohudumia wakimbizi. Na kule Kakuma, Kenya, wakimbizi wenyewe walianzisha gazeti lao, KANERE, mwaka 2008. Hawakungoja mtu aje kuwaandikia habari zao.

Sasa, mafunzo yenyewe ni nini? Wengi hukimbilia kipaza sauti. Wanataka kutangaza. Mwalimu mzuri atakunyima kipaza sauti siku ya kwanza, akupe daftari na kalamu, akutume kwenye ile tetesi ya mgao.

Unaanza kwa aliyekuambia. Aliona, au alisikia? Kama alisikia, kwa nani? Mfuate huyo naye. Mara nyingi kamba hiyo inakatikia kwa mtu asiyejulikana, na hilo tayari ni jibu. Kisha nenda kituo cha mgao ukasome ubao wa matangazo kwa macho yako. Muulize mhusika wa chakula, halafu kiongozi wa kijiji chako, kila mmoja peke yake, uone kama maneno yanaoana. Andika tarehe na saa. Wakikataa kujibu, sema wamekataa kujibu. Usijaze pengo kwa mawazo yako. Na kama kweli mgao umepunguzwa, tangaza hivyo, hata kama ofisini hawatafurahi. Kukanusha tetesi tu bila kuuliza maswali magumu ni kazi ya msemaji, si ya mwandishi.

Kuna jambo lingine ambalo kambini ni zito kuliko mjini. Mtu anapokusimulia alivyokimbia, ana ndugu waliobaki. Mawimbi ya redio hayasimamishwi mpakani, na picha ya simu inasafiri haraka zaidi. Kwa hiyo kumwuliza tu “unakubali?” hakutoshi. Mweleze itasikika wapi, na nani anaweza kuisikia. Mwulize kama jina litajwe. Jina la kijiji alikotoka, kazi ya baba yake, hata kovu usoni, vinaweza kumtambulisha bila jina. Akibadili mawazo kesho yake, mrudishie maneno yake. Na kwa aliyebakwa au mtoto aliyepotezana na wazazi, usiende na kinasa sauti kabla ya kuzungumza na wanaomhudumia.

Nikuambie ukweli: cheti cha mafunzo hakikuhakikishii ajira, na sheria za nchi nyingi zinambana mkimbizi anayetafuta kazi. Wanaokuahidi mshahara ili ulipe ada, waepuke. Lakini anayejua kuuliza vizuri na kuandika kilichosemwa bila kukigeuza, huitwa mara nyingi, iwe kutafsiri au kuandika kumbukumbu za mikutano. Wasichana, msiwaachie kaka zenu nafasi hii. Kuna nyumba ambazo mama hatasema neno mbele ya mwanaume.

Zoezi la wiki hii: chagua tetesi moja tu iliyopo mtaani kwako. Ifuate hadi kwa mtu wa tatu. Andika mistari kumi, na mbele ya kila mstari uandike “nimeona” au “nimeambiwa na…”. Mstari usioweza kupewa hata kimoja kati ya hivyo viwili, ufute.