Usukani Unaokufaa kwa Pikipiki ya Zamani

Mazungumzo na watumiaji wa bidhaa, Ifakara

Nimeombwa nizungumzie usukani wa pikipiki, hasa zile za zamani ambazo bado zinatumika katika bonde hili la Kilombero: Honda CG125, Yamaha DT na nyinginezo za rika lao. Baadhi yake zimenizidi umri, nami nazitamka kwa adabu.

CG125 ilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970. Ilikusudiwa kwa nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mingi na kuonana na fundi mara chache, na ndiyo maana injini yake imevumilia. Usukani wake, hata hivyo, ni bomba la chuma tu. Pikipiki ikianguka hupinda, mvua za masika huuletea kutu, na siku moja mwenyewe huingia dukani kutafuta mwingine. Hapo ndipo ofisi yetu hupenda kuzungumza naye, kabla hajatoa fedha.

Fikirini safari ya kutoka hapa kwenda Mahenge. Enzi za pantoni, msafiri alishuka mtoni, akanyoosha mgongo, akangoja zamu yake. Tangu daraja la Magufuli lizinduliwe mwaka 2018, anavuka mto Kilombero bila kushuka. Tunashukuru, lakini mwili nao umepoteza mapumziko yake. Ndipo vidole vinapoingia ganzi na shingo kukaza, na wengi hudhani huo ni uzee. Mara nyingi ni usukani. Ukiwa chini mno, kiwiliwili hulala mbele na uzito wake wote hukaa viganjani. Ukiwa juu mno, mabega huning'inia kutwa. Usukani mpana hukupa nguvu ya kuigeuza pikipiki kwenye tope, ila ukizidi upana wa mabega yako kupita kiasi, mikono hunyooka na kila shimo hupiga moja kwa moja begani. Aliyebeba gunia la mpunga nyuma huumia zaidi, kwa kuwa gurudumu la mbele huwa jepesi, naye huushika usukani kwa nguvu asizozihitaji.

Pengine hamna haja ya kununua kitu. Kama usukani ulio nao haujapinda, mwombe fundi alegeze vibano, auzungushe kidogo kuelekea kwako au mbele, kisha akaze tena. Arekebishe na pembe ya mikono ya breki na klachi, ili vidole vikinyooshwa viwe katika mstari mmoja na kigasha bila kukunja kifundo. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Nashangaa ni mara ngapi inarukwa.

Ikiwa ni lazima kununua, pima mwili wako kwanza. Keti juu ya pikipiki ikiwa imesimama wima, fumba macho, nyoosha mikono mahali inapopenda kukaa, viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo, na mwenzako apime kwa futi umbali kati ya viganja na kimo chake kutoka kwenye vibano. Nenda dukani na vipimo hivyo pamoja na usukani wa zamani. Pikipiki nyingi ndogo za Japani hutumia bomba la milimita 22. Ukikuta bomba jembamba kuliko hilo, fundi atakuambia ataweka kipande cha bati ndani ya kibano. Kataa. Siku utakayofunga breki ghafla, uzito wako utasukuma mbele, na usukani utazunguka mikononi mwako. Kataa vilevile usukani uliopinda ukanyooshwa kwa moto, hata ukipakwa rangi ya kupendeza. Chuma hicho kimekwisha kudhoofika.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hasa. Usukani mrefu huzivuta nyaya. Sentimita tano tu za kimo zinaweza kuufanya waya wa mafuta ukose ulegevu, na pikipiki ikiwa imesimama huoni kasoro yoyote. Utaiona kwenye kona: unakata kushoto, waya unavutika, injini inapandisha mwendo yenyewe wakati wewe ulitaka kupunguza. Kwa hiyo, kabla ya kumlipa fundi, washa injini gia ikiwa huru, kisha geuza usukani hadi mwisho kushoto na hadi mwisho kulia. Mngurumo ukibadilika hata kidogo, usiondoke. Angalia pia kwamba waya wa klachi na wa breki haukazi, na kwamba kidole gumba hakibanwi kati ya usukani na tangi. Dawa ni waya mrefu zaidi, wala si kuunga ule wa zamani. Gharama ya nyaya hizo iulizwe siku ileile unapouliza bei ya usukani, maana mara nyingi ndiyo inayougeuza usukani wa bei nafuu kuwa ghali.

Kuhusu haki zenu, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayokusudia na kuutegemea ujuzi wake. Sema basi kwa sauti: ni wa CG125, nabebea mpunga, napanda nayo milima ya Mahenge. Anayenyosha kidole tu na kusema "nipe ule pale" hujinyima sehemu ya ulinzi huo. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki, na uombe aina ya pikipiki iandikwe. Bidhaa ikiwa na kasoro, rudi kwanza kwa muuzaji. Akikataa, malalamiko ya kupotoshwa hupelekwa Tume ya Ushindani, na ya ubora hafifu hupelekwa Shirika la Viwango, TBS. Usiutupe usukani wenye kasoro. Huo ndio ushahidi wako.

Nimeleta futi mbili na spana. Waliokuja na pikipiki, tutoke nje tukazipime; tutaanza na ile iliyofungwa usukani kwa mpira wa baiskeli, na mwenyewe asione haya.