Mgongo Unapouma Usiku

Kwetu Nkende, mgongo ukiuma tunasingizia jembe. Lakini mgonjwa wa saratani, iwe ya tezi dume, ya matiti au hata ya aina adimu, akianza kulala ameketi kwa sababu akijinyoosha anaumia zaidi, jembe halihusiki. Huenda saratani imehamia kwenye pingili na inabana neva za uti wa mgongo. Miguu hulegea, ganzi ikapanda, mkojo ukagoma.

Msimkande. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, mtaje saratani yake mapema. Daktari anaweza kumwanzishia deksamethasoni kupunguza uvimbe, huku rufaa ya tiba ya mionzi katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, ikiandaliwa.

Najua hofu: nani atamuuguza mjini wiki nzima? Huenda mionzi mara 1 ikatosha. Utafiti uliofanyika Uingereza na Australia kwa wagonjwa kama hawa, ukachapishwa 2019, ulikuta baada ya wiki 8 asilimia 69 ya waliopigwa mionzi mara 1 walikuwa wakitembea. Waliopigwa mara 5, asilimia 73. Tofauti ndogo, hasa kwa aliyechoka na safari.

Mionzi hii haiondoi saratani. Inatuliza maumivu na kuokoa miguu, na anayefika akitembea ndiye mwenye nafasi kubwa ya kuendelea kutembea.