Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi



Katika nchi ya Peru, huko Amerika ya Kusini, ipo safari ya miguu inayotamaniwa na watu wa mataifa mengi, na ambayo wengi wao huingoja kwa miezi kadhaa kabla ya kupata kibali. Safari hiyo huchukua siku nne, na huishia katika magofu ya Machu Picchu, mji uliojengwa na Wainka katika karne ya 15 juu ya mgongo wa mlima, mita zipatazo 2,430 kutoka usawa wa bahari. Mwaka 1983 shirika la UNESCO liliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya uzuri wake. Leo yafaa tuzungumze juu ya watu wanaomfikisha mgeni huko.

Njia yenyewe huanzia kando ya reli itokayo Cusco, nayo ina urefu wa kilometa 40 na ushei. Siku ya pili msafiri hupanda ngazi za mawe hadi mahali paitwapo Warmiwañusqa, mita 4,215 kutoka usawa wa bahari, ambapo pumzi humwia mgeni haba na kila hatua huwa kazi. Siku ya tatu hupita magofu madogo madogo, na kulala karibu na Wiñay Wayna. Alfajiri ya siku ya nne hufika Inti Punku, yaani Lango la Jua, na kutoka hapo huuona mji wa Machu Picchu chini yake. Hapo watu hukumbatiana, hupiga picha, na wengine hutokwa na machozi ya furaha.

Furaha hiyo ni halali. Lakini ni nani aliyebeba hema alilolalia mgeni huyo? Ni nani aliyebeba jiko, mtungi wa gesi, sufuria, meza na viti vya kulia chakula? Wainka hawakuwa na gari la magurudumu wala farasi. Barabara zao zilijengwa kwa ajili ya nyayo za watu na za llama, na ndiyo sababu zimejaa ngazi. Hata leo wanyama wa mizigo hawaruhusiwi katika sehemu kubwa ya njia hiyo, ili mawe ya kale yasiharibiwe. Kwa hiyo mzigo hubebwa na binadamu. Serikali ya Peru imeweka kikomo cha watu 500 kwa siku katika njia hiyo, na kati yao watalii ni kiasi cha 200 tu. Waliobaki ni viongozi wa misafara, wapishi na wapagazi, na wengi wa wapagazi ni wakulima wasemao Kikechua, wanaotoka katika vijiji vya milima hiyo hiyo.

Jambo hili halikuanza jana. Dunia hufundishwa kwamba Machu Picchu iligunduliwa mwaka 1911 na Mmarekani Hiram Bingham. Ukweli ni kwamba Bingham aliongozwa mlimani na mkulima wa bonde hilo, Melchor Arteaga, na huko juu alizikuta familia zikilima katika matuta ya Wainka. Mtoto wa kiume ndiye aliyemtembeza katika magofu. Vyombo na mifupa vilivyochimbwa baadaye vilipelekwa katika Chuo Kikuu cha Yale, na Peru ilipata kurudishiwa kuanzia mwaka 2011 tu, baada ya miaka mingi ya madai. Bingham alipata sifa ya dunia nzima, na jina la Arteaga halijulikani na wengi.

Hata hivyo, haki ya kuitenda serikali hiyo tuitende. Zamani mpagazi aliweza kutwishwa kilo 40 au zaidi. Mwaka 2001 Peru ilitunga sheria ya wapagazi, iliyoweka kikomo cha kilo 20 kwa mtu, na kumtaka mwajiri atoe chakula, mahali pa kulala na bima. Sheria mpya ya mwaka 2022 iliongeza kwamba mwanamke asibebeshwe zaidi ya kilo 15. Kwenye lango la kuingilia njia iko mizani, na mizigo hupimwa hapo. Haya ni maendeleo ya kweli.

Lakini mizani hupima mzigo langoni, nayo haina macho ya kuona chakula anachopewa mpagazi usiku, wala mahali anapolala baridi inapouma. Kampuni inayotafuta wateja kwa kupunguza bei hupunguza pia gharama zake, na mara nyingi anayepunjwa kwanza ni yule asiyekuwa na sauti. Mtalii anayejivunia kupata safari rahisi hana budi kujiuliza ni nani aliyelipa tofauti hiyo.

Tena liko jambo jingine. Alfajiri ile ya siku ya nne, mgeni anapoelekea Lango la Jua, mpagazi hukunja hema na kuteremka mbio na mzigo wake kwa njia nyingine hadi relini, awahi garimoshi la kurudi. Mtu aliyebeba safari nzima begani hayupo mwisho wake unaposherehekewa.

Wasikilizaji, sisi wa Afrika Mashariki hatuna haki ya kulitazama jambo hili kama la watu wa mbali. Misafara ya karne ya 19 kutoka pwani hadi maziwa makuu ilitembea juu ya mabega ya wapagazi, na Wanyamwezi walijulikana kwa kazi hiyo kuliko wote. Mwaka 1906 Mtawala wa Abruzzi, kutoka Italia, alipovifikia vilele vya Rwenzori, Wakonjo walikuwamo miongoni mwa waliombebea mizigo. Na leo, mlimani Kilimanjaro, kikomo cha mzigo ni kilo 20 zile zile, na tatizo la kuisimamia kanuni ni lile lile.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Utalii usiomponya mwenyeji aliyebeba mzigo haujatimiza usemi huo. Yapasa mizani zisimamiwe kwa uaminifu mwanzo na katikati ya safari, malipo yamfikie mpagazi mkononi kwa ukamilifu, na wapagazi wenyewe wawe na vyama vyenye nguvu. Na kila afikaye kileleni, au katika mji wa kale, akumbuke kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: huonekana mwepesi kwa asiyeubeba.