Samaki wa Maji Baridi: Namna ya Kumvua Trauti Katika Vijito vya Milimani



Mwezi wa Julai ukifika, watu wa Nyeri na Murang'a huamka asubuhi wakaona ukungu umefunika mashamba mpaka mlangoni. Mvua kubwa za masika zimekwisha, lakini jua halionekani, na manyunyu huenda yakashuka kutwa nzima. Wazee hukaa karibu na moto, na watoto hukimbia njiani ili wapate joto. Wengi huyahesabu majira haya kuwa ya taabu. Lakini huko juu zaidi, katika misitu ambamo vijito huanza safari yao, yuko kiumbe ambaye baridi ndiyo uhai wake. Naye ni samaki aitwaye trauti.

Maneno haya yataeleza jinsi samaki huyo alivyofika Kenya, anavyoishi, na anavyovuliwa kwa inzi wa bandia wakati wa baridi. Tena yataonyesha kwa nini habari zake zinamhusu hata mtu ambaye hajapata kushika ndoana maishani mwake.

SAMAKI MGENI

Trauti si mwenyeji wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1905 mlowezi mmoja aliyejulikana sana, Ewart Grogan, alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, ziwa lililoko Scotland. Mayai ya samaki huyu yaweza kusafiri mbali yakiwekwa katika baridi, lakini yakipata joto hufa. Basi yalivushwa bahari, yakapandishwa bara, yakatiwa katika mto Gura, ambao hushuka kwa kasi kutoka milima ya Nyandarua, iliyoitwa Aberdare na Wazungu. Mwaka 1910 ikaletwa aina ya pili kutoka Afrika ya Kusini. Huyu huitwa trauti wa upinde wa mvua, kwa sababu ubavuni ana mstari mwekundu unaong'aa. Mwaka 1948 kituo cha kutotolesha trauti kilianzishwa Kiganjo, karibu na Nyeri, na vifaranga vya samaki vikapelekwa katika mito mingi ya Mlima Kenya na Nyandarua.

Wakikuyu wa zamani hawakuwa na desturi ya kula samaki, na katika miaka ya ukoloni uvuvi huu ulikuwa starehe ya walowezi na wageni wao. Mwenyeji alionekana mtoni kama mchukuzi wa mizigo au kiongozi wa njia. Hata hivyo kiongozi huyo ndiye aliyejua kila jiwe na kila kilindi, na mara nyingi mafanikio ya bwana mvuvi yalitoka katika macho ya mtu aliyetembea nyuma yake.

BARIDI NI MALI YAKE

Huko Scotland baridi huja kwa miezi. Theluji huanguka, mito hupoa sana, na samaki hupungukiwa na nguvu. Sheria ya huko inakataza kumvua trauti wa kahawia tangu tarehe 7 Oktoba hadi tarehe 14 Machi, kwa kuwa huo ndio wakati wa kuzaa. Jike hufukua changarawe kwa mkia wake, hutaga mayai shimoni, kisha huyafunika. Mayai hukaa humo muda mrefu, nayo huishi kwa maji safi yanayopenya kati ya kokoto.

Nchini Kenya, chini ya mstari wa ikweta, mambo ni mengine. Hapa baridi haingoji mwezi. Inakaa juu mlimani mwaka mzima. Anayetoka tambarare za Mwea akapanda kufuata mto Thiba kuelekea Mlima Kenya, ulio na urefu wa mita 5,199, huondoka katika nchi ya mpunga na joto akaingia katika nchi ya mianzi na baridi kali. Tangu Juni hadi Agosti baridi hiyo hushuka kidogo na kuzifikia nyumba za watu. Lakini trauti hawezi kushuka pamoja nayo kwenda mbali. Maji yakizidi joto la digrii 20 hivi za sentigredi huanza kutaabika, na yakizidi kupata moto hufa.

Sababu yake yaeleweka kwa urahisi. Samaki huvuta pumzi kwa hewa iliyochanganyika na maji, na maji ya baridi hushika hewa hiyo zaidi kuliko maji ya moto. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye digrii 10 yaweza kushika miligramu 11 hivi za oksijeni. Yakifika digrii 25 hushika miligramu 8 tu. Trauti ni samaki mwenye nguvu anayehitaji pumzi nyingi. Kwake yeye, kijito kilichopata moto ni kama chumba kilichojaa moshi.

Lakini baridi nayo ina kiasi chake. Damu ya samaki hufuata hali ya maji. Asubuhi ya Julai, maji yakiwa baridi mno, trauti hapendi kukimbia huku na huku. Hulala karibu na chini, nyuma ya jiwe au pembeni mwa kilindi, mahali ambapo maji hayamsumbui, akangoja chakula kiletwe na mto. Hali hiyo ndiyo inayomfundisha mvuvi kazi yake.

NAMNA YA KUVUA

Chambo cha uvuvi huu si mnyoo. Ni ndoana ndogo iliyofungwa nyuzi, manyoya ya ndege na nywele za wanyama mpaka ifanane na mdudu wa majini. Inzi huyu wa bandia hana uzito wa kumwezesha kurushwa mbali. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao umefanywa mzito kwa makusudi, na inzi hufuata mwishoni kwa uzi mwembamba usioonekana upesi majini.

Mvuvi wa wakati wa baridi hana haja ya kudamka. Huacha jua lipande na maji yapate joto kidogo, kisha huvua tangu saa nne hadi saa nane ya mchana, wakati ambao wadudu huanza kuamka na samaki nao huamka pamoja nao. Huvaa nguo zenye rangi ya majani, tena huenda kimya. Kwa kuwa trauti hulala akielekea juu mto unakotoka, mvuvi humwendea kutoka chini, nyuma yake. Katika kijito chembamba hupiga magoti, maana kivuli kimoja kikipita juu ya maji, kilindi kizima huwa kitupu kwa muda mrefu.

Mito mikubwa humpa mvuvi nafasi ya kuupeperusha mshipi nyuma na mbele. Kijito cha msituni hakimpi nafasi hiyo. Nyuma yake kuna mianzi na juu yake matawi. Basi hutumia ufito mfupi, hushika inzi kwa vidole, huuvuta ufito ukapindika kama upinde, kisha huachia, na inzi huruka chini ya matawi. Humwacha azame karibu na kokoto, aende kwa mwendo uleule wa maji, bila kuvutwa. Samaki mwenye baridi hafukuzi chakula. Inzi asipopita karibu na pua yake, atamwacha aende zake.

Tena trauti wa wakati huo hanyakui kwa nguvu. Mara nyingi mshipi husimama kidogo tu, kana kwamba umegusa jani. Asiye na subira husema ni jani, naye amekwisha kumkosa samaki. Mwenye kuangalia huinua ufito taratibu, na hapo ndipo huona kwamba jani lile lina uhai. Haraka haraka haina baraka, na mahali pa kuyaona maneno hayo kwa macho ni kando ya kijito cha trauti.

Akimpata, asimchezeshe muda mrefu mpaka nguvu zimwishe. Akiwa mdogo, yafaa arudishwe. Mvuvi hulowesha mikono kwanza, kwa kuwa mkono mkavu huondoa utelezi unaoilinda ngozi ya samaki. Humshika majini, humtoa ndoana, kisha humsimamisha akielekea mkondo mpaka aondoke mwenyewe. Mito hii ina masharti yake juu ya leseni na juu ya samaki wanaoruhusiwa kuchukuliwa, na ni wajibu wa kila mvuvi kuyauliza kabla hajalowesha mshipi. Asisahau pia kwamba njia za vijito hivyo ni njia za tembo na nyati. Mtu asiingie msituni peke yake, wala bila kiongozi aijuaye nchi.

KAZI YA MIKONO

Uvuvi huu umeleta kazi ambayo wengi hawaijui. Tangu kabla ya uhuru wa mwaka 1963, watu wa Kenya wamekuwa wakifunga inzi wa bandia na kuwauza ng'ambo. Wanawake kwa wanaume huketi mezani, ndoana imebanwa mbele yao, na kwa vidole vyepesi huzungusha uzi, huongeza unyoya wa jogoo, hukaza fundo na kukata. Kosa la upana wa unywele huharibu kazi. Mvuvi wa Uingereza au Marekani anayesimama katika mto wenye barafu kandokando, akimtazamia samaki mmoja kabla ya jua kutua, huenda ameshika kitu kilichofungwa na mikono ya fundi wa Kenya ambaye hajapata kuiona theluji ila kwa mbali, kileleni mwa Mlima Kenya.

MTO NI SHAHIDI

Yako mambo mengine yasiyopendeza ambayo hayana budi kusemwa. Wapo watu wasiotaka taabu ya subira. Hutia mtoni dawa ya kuogeshea ng'ombe au ya kuulia wadudu wa mimea, kisha huokota samaki waliokufa kwa kapu. Mtu huyo hupata kitoweo cha siku moja, lakini huua wakubwa na wadogo, na kaa na wadudu wanaoliwa na samaki. Zaidi ya hayo, maji yaliyotiwa sumu juu hunywewa chini. Mtoto anayeteka maji katika kijiji cha pili hana habari ya yaliyotendeka msituni. Kitendo hicho si uvuvi, bali ni hatari kwa maisha ya watu.

Wengine huua bila kukusudia. Miti ya ukingoni ikikatwa, jua huyapiga maji na kijito hupata moto. Shamba likilimwa mpaka ukingoni, mvua huchukua udongo, na tope huziba nafasi kati ya kokoto ambamo mayai huvuta pumzi. Mito ya magharibi ya Mlima Kenya, kama Naro Moru na Burguret, huingia Ewaso Ng'iro, na maji yake hutakiwa na wakulima, wafugaji na miji. Wakati wa kiangazi kila mmoja akivuta kadiri apendavyo, wa chini hubakiwa na mchanga. Trauti huona dhiki hiyo kwanza, lakini ng'ombe na watu hufuata.

Huenda mtu akauliza: kama samaki huyu ni mgeni, kwa nini ahurumiwe? Swali hilo ni la haki. Trauti ni mlaji mkubwa wa wadudu na viumbe wengine wadogo wa mtoni, na kwa sababu hiyo haifai mtu yeyote kumpeleka katika kijito kipya kwa hiari yake, asije akawamaliza viumbe wa asili waliomo. Lakini pale alipokwisha kukaa zaidi ya miaka 100, amekuwa shahidi wa maji. Penye trauti wenye afya, maji ni baridi, safi, tena yanapita mwaka mzima. Wakianza kutoweka, yafaa watu wapande juu wakaangalie kilichoharibika.

Maji ya Gura na ya Thego huingia Sagana, na Sagana huwa Tana, mto mrefu kuliko yote ya Kenya. Mto huo huzungusha mitambo ya umeme katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha hupita katika nchi kavu mpaka Bahari ya Hindi. Mfugaji wa Garissa anayenywesha mifugo yake huenda hajapata kumwona trauti. Hata hivyo yeye na samaki yule wanategemea kitu kimoja: kivuli cha msitu ulio mbali juu ya mlima, na adabu ya watu wakaao karibu nao.

Basi Julai ikija tena na ukungu wake, mwenye shamba kando ya kijito aipime nafasi iliyoko kati ya jembe lake na maji, na palipo wazi apande miti ya asili. Mvuvi naye achukue samaki wa kumtosha na kuwaacha waliobaki. Kijito kilichohifadhiwa hivyo kitakuwa na maji baridi mwakani, na huyo atakayeinama hapo, akiwa na ufito au akiwa na mtungi, atayakuta safi.